Ukavu wa macho: mbona jicho linalotoa machozi liitwe kavu?

Asubuhi ya Juni mjini Lubumbashi, panda pikipiki ya abiria, manseba, kutoka mtaa wa Ruashi kwenda katikati ya mji. Kabla hujafika, mashavu yameshalowa. Hulii, ni baridi na upepo tu. Hali hiyo ikikusumbua siku nyingi ukaenda kwa daktari wa macho, huenda akakuandikia maneno ya kushangaza: sécheresse oculaire, yaani ukavu wa macho. Jicho linatiririka, halafu linaitwa kavu?

Kitendawili kinateguka ukijua kwamba chozi si maji matupu. Jicho limefunikwa na utando mwembamba mno wenye sehemu tatu. Chini kuna ute, ambao kazi yake ni kuushikilia utando usiteleze. Katikati kuna maji yenye chumvi, yanayotoka kwenye tezi iliyojificha juu ya jicho, upande wa nje. Juu kabisa kuna mafuta kidogo sana, yanayotoka kwenye vitundu vilivyopangwa ukingoni mwa kope, nyuma tu ya pale nywele zinapoota. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza tezi hizo za mafuta mwaka 1666, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake.

Mafuta hayo ndiyo yenye habari. Yanafanya kama yale yanayoelea juu ya mchuzi: yanazuia maji yasiondoke na mvuke. Yakipungua au yakiwa mazito, maji hukauka kabla hujapepesa tena, na jicho huchoma kana kwamba limeingia mchanga. Neva zikipeleka malalamiko, ubongo huamuru tezi imwage maji kwa wingi. Lakini maji hayo ya dharura hayana mafuta ya kuyashika. Yanaporomoka shavuni, na jicho linabaki na shida yake ileile. Ndivyo mtu anavyoshinda akijifuta machozi huku macho yake ni makavu. Si kila machozi yana maana hiyo, lakini. Wapo ambao mfereji wa kupeleka machozi puani umeziba, na baridi kali hulitoa machozi hata jicho zima.

Kipupwe cha Katanga, eneo la Lubumbashi, hakina theluji, ila kina mengi ya kuuharibu utando huo. Mvua hukatika kuanzia Mei hadi Septemba, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hewa inakauka. Vumbi jekundu linafuata kila lori. Pembezoni mwa mji watu wanachoma matofali, maana huu ndio msimu wake, na moshi unalala juu ya nyumba tangu alfajiri. Jioni mbabula ya makala (jiko la makaa) inaingizwa ndani ili watu waote moto. (Mbabula hiyo, tukiacha habari ya macho, hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ibaki nje.) Kisha tunakaa na simu. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kioo cha simu hupepesa mara chache zaidi, na utando haupati nafasi ya kutandazwa upya.

Dawa ya kwanza iko jikoni, au tuseme maarifa yake yako jikoni. Chupa ya mawese asubuhi ya Julai imeganda, haimiminiki. Mama huisogeza karibu na moto. Mafuta ya kope nayo hupenda joto. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto ambayo ngozi inayavumilia, kikamue, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikipasha tena kinapopoa. Halafu sugua kope taratibu kuelekea ukingoni. Fanya hivyo kila siku kwa majuma kadhaa, si mara moja. Barabarani, miwani yoyote inayokinga upepo inasaidia, na kama kofia ya pikipiki ina kioo, kishushe. Nimeona vioo vingi vikiwa vimeinuliwa kama mapambo.

Duka la dawa huuza machozi ya bandia, nayo ni salama. Ukiyatumia zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Matone ya kufuta wekundu ni jambo lingine: ukiyazoea, wekundu hurudi kwa nguvu zaidi. Ya kuogopwa hasa ni matone yenye kotizoni yanayonunuliwa bila daktari. Yanatuliza haraka, ndiyo sababu yanapendwa, lakini yakitumiwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuua neva ya kuonea bila maumivu yoyote. Mkojo na maziwa ya mama visiguse jicho.

Ukavu huwasha macho yote mawili na huja na kuondoka. Jicho moja likiuma kweli, likaogopa mwanga, likatoa usaha au likaanza kuona ukungu usioisha hata ukipepesa, hapo si habari ya kitambaa cha moto tena: nenda kwa daktari siku hiyohiyo.