Volti zinazobadilika kwenye vepu: maana yake, na koili gani ya kuweka

Kifaa cha volti zinazobadilika ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki, inayokuachia wewe mwenyewe upandishe au ushushe volti zinazofika kwenye koili, ule waya mdogo wenye pamba unaogeuza maji ya vepu kuwa mvuke. Kile kinachoonekana sana mikononi mwa watu hapa Mombasa ni kalamu nyembamba yenye kitufe kimoja: ukibonyeza mara tano upesi inawaka, kisha rangi ya taa inakuonyesha kiwango, mara nyingi 3.3, 3.7 au 4.2. Nyingine zina gurudumu dogo chini, la kuzungusha kutoka 3.3 hadi 4.8. Rangi hizo hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hivyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi kabla ya kuamini kwamba kijani ndicho cha chini.

Wengi huuliza dukani, "Hii inafika volti ngapi?" Swali hilo halitoshi. Koili haiungui kwa volti, inaungua kwa wati, na wati hutegemea pia ukinzani wa koili, yaani zile omu zilizoandikwa ubavuni mwake. Hesabu ni hii: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu. Weka volti 4.0 kwenye koili ya omu 1.8, utapata karibu wati 9, mvuke mpole. Volti zilezile kwenye omu 1.2 zinatoa wati 13. Kwenye omu 0.6 zinapanda hadi karibu 27, na hapo betri inatakiwa kutoa zaidi ya ampea 6, mzigo ambao kalamu ndogo ya mAh 650 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) haikuundwa kuubeba. Ikiwa na kinga, itajizima na taa kumetameta. Ikikosa kinga, betri itapata moto mkononi mwako.

Kwa hivyo anza na koili, kifaa kifuate. Koili nyingi zimechapwa omu pamoja na wati zinazofaa, kwa mfano "0.8, 12–16W". Kama kifaa chako kinaonyesha volti tu, fanya hesabu kinyumenyume kwa kikokotoo cha simu: zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili (√) cha jibu. Kwa koili hiyo unapata volti 3.1 kwa wati 12, na karibu 3.6 kwa wati 16. Sasa tazama kalamu ya 3.3, 3.7 na 4.2: ni kiwango cha chini peke yake kinachoingia ndani ya mipaka hiyo. Ukiweka 4.2 umefika wati 22. Ndiyo maana mtu ananunua koili mpya asubuhi na jioni anarudi dukani akilalamika kwamba ni bandia, kumbe koili ilikuwa nzima na kiwango ndicho kilichokuwa cha juu mno.

Ladha ile ya kuungua inayokwaruza koo hutoka kwenye pamba. Pamba inanyonya maji ya vepu na kuyapeleka kwenye waya. Waya ukiyakausha haraka kuliko pamba inavyonyonya, pamba yenyewe inaanza kuungua, na maji yanayopashwa joto kupita kiasi hutoa kemikali kali kama fomaldehaidi na akrolini. Usiendelee kuvuta eti itapona. Pamba iliyoungua haiponi. Koili mpya itie matone machache kwenye pamba kupitia vitundu vyake, jaza tangi, subiri dakika 5 hadi 10, kisha anza na volti ya chini kabisa na upandishe kidogo kidogo.

Maji nayo yana sehemu yake. Mchanganyiko wenye glisirini nyingi, kama 70 kwa 30 ya propilini glaikoli, ni mzito na unataka koili ya omu ndogo yenye vitundu vikubwa. Ukiutia kwenye koili ya omu 1.2, pamba inakauka hata kwa volti ndogo. Koili za omu 1.0 kwenda juu zipe nusu kwa nusu. Nikotini ya chumvi ya miligramu 20 kwa mililita kwenda juu ni ya koili hizo za mvuke mdogo. Kwenye koili ya mvuke mwingi itakupa kizunguzungu na kichefuchefu. (Nikotini hufanya mtu kuwa mtegemezi. Asiyevuta sigara hana sababu ya kuanza hapa.)

Kuhusu kuingiana: tangi nyingi hufungwa kwenye betri kwa skrubu ya aina ya 510, lakini koili ya ndani ni ya familia ya tangi yake. Omu kulingana hakutoshi, kwa hivyo nenda dukani na koili ya zamani mkononi. Tazama pia omu ndogo kabisa ambayo kifaa kinakubali, na waya wenyewe. Waya wa kanthali unafaa kwa volti au wati za kawaida. Wa nikeli usiutumie kwa namna hiyo, umetengenezewa vifaa vinavyodhibiti joto.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na pini ya katikati ya 510 hushika kutu. Kifaa kikisema hakioni koili, fungua, futa pini kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, ufunge tena kwa vidole bila kukaza sana, kwa sababu kukaza kupita kiasi huizamisha pini hiyo isiguse tena.

Usiiache vepu kwenye dashibodi unapongoja feri Likoni saa saba mchana. Jua hudhoofisha betri ya lithiamu, na maji hulegea yakavuja kupitia vitundu vya hewa. Kuchaji, tumia waya uliokuja nayo na adapta ya kawaida ya volti 5, ampea 1, si ile chaja ya kasi ya simu, na usilale ikiwa bado iko kwenye umeme. Betri ikivimba au ganda lake la plastiki likichanika, iondoe kazini siku hiyohiyo.