Kwa nini vibonye vya piano ya dijitali ni vizito ilhali ndani hamna nyuzi?

Zima piano ya dijitali, kisha bonyeza kibonye chochote. Muziki hautoki, lakini kidole kinahisi kuna kitu kimeinuka huko ndani, na ukitega sikio utasikia "du" ndogo kinapotua. Hiyo ni nyundo. Haigongi waya, maana humo hamna waya wa kugongwa. Sasa imewekwa ya nini, na kwa nini anayetafuta piano ya kujifunzia nyumbani anaambiwa akubali kulipa zaidi kwa ajili yake?

Turudi nyuma kidogo. Kufikia mwaka 1700 fundi Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, alikuwa amekwisha kutengeneza piano. Kinanda kilichotamba zama hizo kilikuwa hapsikodi, ambayo hudonoa waya: ugandamize kwa upole au kwa hasira, sauti ni karibu ileile. Cristofori akaweka nyundo. Ikirushwa taratibu, waya hunong'ona. Ikirushwa kwa kasi, waya hupaza sauti. Hata jina piano ni kifupisho cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya juu.

Jambo ambalo wengi hulipita hapo ni kwamba mpigaji haugusi waya. Anairusha nyundo tu, na nyundo ikikaribia waya huachiwa imalizie safari peke yake. Kazi yote ya kidole ni kuamua kasi. Ili kibonye cha piano ya nyuzi kianze kushuka kinahitaji mzigo wa gramu 50 hivi, na uzito huo ndio unaokisaidia kidole kupima. Rusha unyoya, kisha rusha kokoto. Kokoto mkono unaielewa, unaweza kuilenga, unyoya unakuponyoka.

Piano ya dijitali nayo inapima kasi, ila kwa ujanja mwingine. Kibonye kinashuka kama milimita 10, na njiani kinapita vihisi viwili. Chipu ndani inahesabu muda uliopita kati ya kihisi cha kwanza na cha pili, halafu inaugeuza kuwa namba. Katika MIDI, lugha ambayo watengenezaji wa vinanda walikubaliana kuitumia tangu 1983, namba hiyo huanzia 1 hadi 127. Kwa hiyo mashine haijui umetia nguvu kiasi gani. Inajua muda tu. Kibonye chepesi cha springi kinapita vihisi hivyo kabla kidole hakijaamua lolote. Ndiyo maana aliyezoea kinanda chepesi akikalia piano ya nyuzi, noti nyingine hazitoki kabisa na nyingine zinafoka.

Ukifika dukani, basi, usianze na vile vitufe vya sauti za zeze, tarumbeta na ngoma. Najua vinavutia, lakini idadi ya sauti ndiyo kitu cha mwisho cha kuuliza. Chagua kibonye kimoja na ukibonyeze mara kumi, ukitafuta sauti ya chini kabisa unayoweza kuitoa. Zikitoka zinafanana, kidole chako na mashine vinaelewana. Halafu rudisha kibonye nusu tu na upige tena harakaharaka. Kwenye piano za nyuzi, wepesi huo ulipatikana kwa mtambo wa fundi wa piano Sébastien Érard wa mwaka 1821. Kwenye dijitali huwa ni kazi ya kihisi cha tatu.

Jaribio lingine halihitaji hata umeme. Bonyeza kibonye cheupe kwenye ncha yake, kisha kule ndani katikati ya vyeusi. Kibonye ni wenzo, na sehemu yake kubwa imefichwa ndani ya boksi. Kikiwa kifupi, kule ndani kitakuwa kigumu kama kimekwama, na hilo utalijua siku utakayopiga wimbo wenye noti nyeusi nyingi. Linganisha pia mkono wa kushoto na wa kulia: nyundo za noti nene ni nzito kuliko za noti nyembamba, na piano nyingi za dijitali zenye nyundo huiga tofauti hiyo.

Mengine ni ya haraka. Vibonye viwe 88. Uwezo wa kushikilia sauti 64 kwa pamoja humtosha anayeanza, ingawa pedali ikikanyagwa sauti hurundikana upesi, hivyo 128 ni afadhali. Hedifoni ziwe za waya, kwa sababu zile za Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kumvuruga mpigaji. Na stendi isitikisike, hata kama piano yenyewe ni nzuri namna gani.

Hedifoni zenyewe zinaficha muziki tu. Ile "du" ya nyundo inashuka kwenye stendi na kuingia sakafuni, na jirani wa chini husikia mdundo mtupu usio na wimbo. Ukiishi ghorofani, tandika zulia nene chini ya stendi kabla hujaanza mazoezi ya usiku.