Pumu msimu wa salfa: kuongeza vidonge sio tiba

Kila salfa, ule unga wa kuua ukungu, ikianza kupigwa kwenye mikorosho, Tandahimba, Newala mpaka kule Nachingwea, vumbi lake linachokoza pumu na hapa kituo cha afya tunapokea watu walewale: kifua kimebana tangu jana, mikono inatetemeka, mfukoni ana karatasi ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua, iliyoisha vidonge vyote.

Swali: Salbutamol inafanyaje kazi?
Jibu: Misuli inayozunguka njia za hewa ina vipokezi, yani sehemu dawa inaponasa, vinaitwa beta 2. Dawa ikinasa pale misuli inalegea, hewa inapita. Ya pampu, ile ya kupuliza mdomoni, inaanza ndani ya dakika 5 hivi, inakaa masaa 4 mpaka 6.

Swali: Si nikimeza nyingi kifua kitafunguka zaidi?
Jibu: Hapana. Dozi ikipanda nafuu inapanda ila ina mwisho wake, vipokezi vikishashikwa vya kutosha unachoongeza ni madhara tu, moyo kwenda mbio, kutetemeka, potasiamu kushuka kwenye damu. Afu kidonge cha miligramu 4 kina dawa sawa na kupuliza pampu mara 40, na kinazunguka mwili mzima wakati pampu inapeleka kifuani moja kwa moja. Kwahiyo hapana, usiongeze vidonge.

Swali: Mbona mwanzo ilinisaidia?
Jibu: Sasa hivi njia zimevimba ndani na zimejaa makohozi, salbutamol haiondoi uvimbe. Uvimbe unataka dawa za steroidi, na hizo utazipata ukija kituoni.

Swali: Moyo ukienda mbio ninywe propranolol ya mama, ile ya presha?
Jibu: Usithubutu! Inaziba vipokezi hivyohivyo vya kifuani, mwenye pumu inaweza kumuua. Acheni kuazimana dawa jamani.

Swali: Ikinibana usiku nisubiri kukuche?
Jibu: Hapana, usisubiri. Umepuliza hujapata nafuu, au imerudi kabla ya masaa 4, au huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au mtoto mbavu zinaingia ndani, tafuta bodaboda usiku huohuo na uendelee kupuliza pampu njiani. "Tulisubiri kukuche" nimeisikia mno kwa ndugu wanaoleta mgonjwa midomo ishabadilika rangi. Na akianza kusinzia, kifua hakilii tena, msiseme amepata nafuu, hapo hewa haipiti kabisa, mkimbizeni.