Kadi ya chipukizi: maana yake na namna ya kuikagua

Kadi ya chipukizi ni kadi ya besiboli ya kijana ambaye bado hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu ya Marekani. Pengine amesajiliwa juzi akitokea sekondari, pengine yuko katika ligi za chini ambako klabu hulea vijana wake. Anayeinunua anabashiri kwamba kijana huyo atafika mbali. Katika miaka ya 1990 kampuni za kadi Topps, Upper Deck, Fleer, Donruss na Score zilikuwa mbioni kuwatoa vijana hawa mapema, na Bowman, chapa ya Topps, ikajijengea jina juu yao.

Wengi huichanganya na kadi ya ruki. Kwa kadi za miaka hiyo, ruki ni kadi ya kwanza ya mchezaji katika seti ya kawaida ya kampuni yenye leseni ya ligi kuu, hata kama mwenyewe bado hajafika ligi hiyo. Derek Jeter, nyota wa klabu ya New York Yankees, alicheza ligi kuu kwa mara ya kwanza Mei 1995, lakini kadi zake za ruki ni za 1993. Zile za 1992 kutoka kampuni kama Front Row, zilizouza kadi za wachezaji waliosajiliwa karibuni, ni za chipukizi tu, na bei yake huwa chini sana. Tangu 2006 utaratibu ni mwingine: alama ya RC (rookie card, yaani kadi ya ruki) hungoja mchezaji afike ligi kuu kwanza.

Sasa, thamani. Kipaji cha mchezaji peke yake hakitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni zilichapisha kadi nyingi kupita kiasi, na watu wakazihifadhi vizuri wakitarajia utajiri, hivyo hadi leo zimejaa tele. Brien Taylor, kijana wa kwanza kuchaguliwa klabu za ligi kuu zilipogawana vijana wapya mwaka 1991, alisaini na Yankees kwa dola milioni 1.55. Desemba 1993 aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja, na hakufika ligi kuu kamwe. Kadi yake ya Topps ya 1992 imebaki ya bei ya chini kabisa. Lakini hata Chipper Jones, aliyeingia katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli, kadi yake ya Topps ya 1991 ni rahisi kuipata, kwa sababu zilichapwa nyingi mno. Bowman ya 1992 ni habari tofauti: karatasi yake ilikuwa bora kuliko ya miaka iliyotangulia, na humo yumo nyota mwingine wa Yankees, Mariano Rivera, namba 302, akiwa amevaa nguo za mtaani badala ya jezi.

Kinachoamua zaidi ni hali ya kadi, na mfano mzuri kuliko yote ni kadi ya Jeter ya 1993 katika SP, seti ya Upper Deck, namba 279. Uso wake umefunikwa foili inayong'aa, na foili hiyo hubanduka kingoni hata kadi ikitoka kwenye pakiti muda huo huo. Ndiyo maana zenye daraja la 10, la juu kabisa, kutoka PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa madaraja ya hali, ni chache mno, na tofauti ya bei kati ya 8 na 10 ni kubwa ajabu. Ikague chini ya taa moja, ukiigeuza taratibu ili mwanga uteleze kutoka ukingo hadi ukingo; vidoa vyeupe pembeni ni foili iliyotoka. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame kona zote nne.

Kwa kadi zenye fremu, pima pia nafasi za pembeni. Kushoto kukiwa na milimita 2.2 na kulia 1.8, hiyo ni asilimia 55 kwa 45, bado inafaa kwa daraja la juu. Kadi ya kawaida ni takribani milimita 64 kwa 89. Iweke juu ya kadi ya bei ndogo ya seti hiyo hiyo: ikiwa fupi, au ukingo mmoja umenyooka kupita mingine, shuku kwamba imekatwa. SP ya Jeter ina bandia nyingi, kwa hiyo isiyo na kasha la PSA au la Beckett, kampuni nyingine ya ukaguzi, ilinganishe na nyingine ya seti hiyo, hasa ukali wa maandishi madogo ya nyuma.

Pakiti za zamani zina shida yake. Kadi zenye mng'ao hugandana kwa joto na unyevu, na ukizibandua kwa nguvu rangi hung'oka. Shika bunda zima kwa kingo, likunje kidogo sana mpaka usikie mlio wa kuachana, kisha telezesha kadi moja pembeni.

Ukishaitoa, itie kwanza kwenye mfuko laini wa plastiki usio na PVC, ndipo uiingize kwenye kasha gumu. Usiitie kwenye kasha gumu bila mfuko, maana foili itakwaruzwa, na usifunge kadi kwa ukanda wa mpira, kwa sababu unakata kingo. Kadi za kromu, zenye mng'ao kama wa chuma, kama Bowman Chrome, iliyoanza 1997, hujikunja unyevu ukibadilika, basi ziweke mahali pakavu, mbali na dirisha.