Dozi ya usiku kwa panya aliyepasuliwa

"Daktari, huyu hana neno, ametulia kabisa." Ndivyo alivyoniambia mwanafunzi mmoja mwaka wangu wa kwanza kazini kama daktari wa wanyama wa maabara ya utafiti, alasiri, akinionyesha panya mdogo aliyepasuliwa tumbo asubuhi ile. Nikaridhika, nikaenda zangu nyumbani. Kulipokucha tulimkuta amejikunyata pembeni mwa kizimba, manyoya yamemsimama, uzito umeshuka, na pamba tuliyompa ajengee kiota haijaguswa.

Panya ni kitoweo cha paka, bundi na nyoka. Akionekana mgonjwa ameliwa. Kwa hiyo huficha. Isitoshe, mchana ndio wakati wake wa kulala. Tunamkagua saa ambayo hata panya mzima angekuwa ametulia, kisha tunaandika kwenye fomu kwamba hana maumivu.

Dawa yetu kuu ya maumivu ni buprenofini, ya jamii ya afyuni. Tulifundishwa kuirudia kila baada ya saa 8 hadi 12. Kwa panya mdogo dozi ya kawaida huisha nguvu mapema zaidi, mara nyingi ndani ya saa 4 hadi 6. Ukimchoma sindano saa sita mchana, jioni anapoamka kuanza shughuli zake dawa imekwisha. Ndiyo maana siku hizi sikubali ratiba ya upasuaji isiyoonyesha ni nani atakayerudi usiku. Ipo pia buprenofini inayoachiliwa polepole, ya siku mbili hadi tatu. Ukiipata, wewe na panya wote mtalala.

Hesabu nayo ina mtego. Panya wa gramu 25, kwa miligramu 0.1 kwa kila kilo, anahitaji mikrogramu 2.5 tu. Chupa yenye miligramu 0.3 kwa mililita itakudai mililita 0.008, na hakuna sindano ya kupima hiyo kwa uhakika. Punguza makali mara kumi kwa maji ya chumvi safi, utachoma mililita 0.08 chini ya ngozi.

Dozi ya kwanza itangulie kisu. Isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, humlaza, ila akishazinduka haimsaidii chochote kuhusu kidonda. Mimi huongeza kaprofeni au meloksikamu, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, pamoja na ganzi kidogo ya lidokaini au bupivakaini pale pa kukatwa, nikichunga kipimo kwa sababu mwili huo ni mdogo na kiasi cha ganzi kinachodhuru hakiko mbali.

Watafiti hunijia na lile lao: dawa itaharibu matokeo. Maumivu je? Yanapandisha homoni za msongo, yanabadili kinga ya mwili, yanamfanya asile, tena kila panya kwa kiasi chake. Dawa angalau unajua umempa kiasi gani.

Kumsoma uso kunawezekana. Mwaka 2010 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilitoa kipimo cha sura ya panya: macho kubana, pua kuvimba, mashavu kutuna, masikio kurudi nyuma, sharubu kubadili mkao. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Usikitumie mara tu baada ya isoflureni, maana yenyewe inaweza kuubadili uso. Halafu mwaka 2014 maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa, humtia panya msongo unaoyafunika maumivu. Mimi ni mwanamume, kwa hiyo naweka kamera na kutoka chumbani.

Kamera ikikosekana, natazama kiota. Jioni namwekea pamba mpya, pamoja na chakula laini sakafuni ili asijinyooshe kukifikia kwa mshono mbichi. Asubuhi, kabla ya kugusa kizimba, nikiikuta pamba imechambuliwa na kufumwa duara, naandika hivyo kwenye kadi. Nikiikuta kama nilivyoiacha, navuta dozi nyingine.