Moshi si friji: yanayokosewa kuhusu vipapatio vya bata mzinga vya moshi

"Si vimeshapigwa moshi? Vitakaa tu." Kauli hii inatoka kwa karibu kila mteja anayenunua kipapatio cha bata mzinga kwa mara ya kwanza, na kwa wengi waliokwisha nunua mara kumi. Anakifunga gazeti, anakiweka kabatini, halafu kesho yake anapiga simu kuuliza ule utelezi juu ya ngozi ni wa nini. Dhana nyingine nitakazozitaja, nyingi zinaharibu ladha tu. Hii inapeleka watu hospitali, kwa hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Anayeamini hivyo hakosi hoja, na hoja yenyewe anaiona kila akipita soko la Darajani, Unguja: papa mkavu yuko mezani mchana kutwa, ng'onda vivyo hivyo, dagaa wamo maguniani wakisubiri kusafirishwa mpaka Kongo, na hakuna aliyewahi kuwekwa kwenye friji. Ni kweli, ila hao hawakuhifadhiwa na moshi. Papa amepasuliwa, akajazwa chumvi, akaanikwa mpaka amekuwa kama ubao. Dagaa amechemshwa kwa maji ya chumvi kisha jua likamalizia. Bakteria wanahitaji maji ili wazaane, na humo maji yametoka na chumvi imejaa.

Kipapatio cha moshi hakikupita njia hiyo hata kidogo. Kimepikwa polepole mpaka kikaiva, kimebaki laini na majimaji yake, na ndiyo maana kinaliwa kwa raha. Kilo moja mbichi hutoka jikoni na gramu 750 hivi, na zaidi ya nusu ya hizo bado ni maji. Chumvi iliyomo ni asilimia 1.5, labda 2. Hiyo ni chumvi ya ladha, haihifadhi kitu. Na moshi, ingawa una viambato vinavyoua baadhi ya bakteria, unaishia kwenye ngozi na milimita chache chini yake. Kwenye kiungo, pale mfupa wa kwanza unapokutana na ile mifupa miwili ya kati, haufiki. Na hapo ndipo uozo unapoanzia: ukikikunja kipapatio kilicholala nje, harufu inatoka kiungoni kabla ngozi haijaonesha dalili yoyote.

Ongeza hali ya hewa yetu. Bakteria wa chakula wanastawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na wakipata mazingira wanayoyapenda, idadi yao huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Jiko la nyumba ya mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, wakati wa Kaskazi, saa nane mchana, linapita nyuzi 30 bila shida. Kipapatio kilichotoka motoni kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu.

Kinachonichosha zaidi ni jibu la pili: "Basi nitakichemsha tena." Kuchemsha kunaua bakteria walio hai. Lakini stafilokoka, bakteria anayetoka puani na mikononi mwa mpishi, akishazaana ndani ya nyama huacha sumu isiyovunjwa na moto wa sufuria. Unachemsha nusu saa, unakula, na baada ya saa chache unatapika. Wako pia bakteria wanaojificha ndani ya vigamba vyao wakati wa kupika, wanavumilia joto lote, kisha wanaamka nyama inapopoa taratibu ndani ya chungu kilichofunikwa. Kwa hiyo usivirundike vipapatio vya moto kwenye bakuli moja ukafunika na kitambaa. Vitandaze kwenye sinia, visigusane, vipoe haraka, viingie kwenye friji.

Ukimaliza kueleza yote haya, unaambiwa bibi zetu walibanika samaki na hakukuwa na umeme. Sawa. Bibi alibanika samaki aliyevuliwa siku hiyo, akaliwa siku hiyo. Aliyebaki aliwekwa kwenye uchaga juu ya meko yanayowashwa asubuhi na jioni, kwa hiyo alikuwa anaendelea kukaushwa kila siku. Hapo pana moto wa kila siku na ukavu wa kila siku. Wewe una jiko la gesi na kabati la plastiki.

Hata vile vya kiwandani vinavyotengenezwa Marekani, ambavyo mara nyingi vimetiwa nitriti ya sodiamu, dawa ya kuhifadhi nyama, na ndiyo inayovipa rangi ya waridi, vinauzwa vikiwa kwenye baridi na pakiti inakutaka uviweke kwenye friji. Wenye mitambo wanaogopa, wewe unayepiga moshi kwenye nusu pipa uani umejiamini kwa lipi?

Kwa hiyo: kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, siku 3 hadi 4. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri vinakaa salama muda mrefu, ila baada ya miezi 2 au 3 ladha inaanza kufifia na mafuta yanapata harufu. Vifunge kimoja kimoja, hewa itoke. Umeme ukikatika, usifungue fungue friza kutazama. Iliyojaa hushika baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango haukuguswa. Wanaokumbuka ile miezi mitatu ya giza Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawahitaji kuambiwa kwa nini ni vyema kuijaza friza, hata kwa chupa za maji.

Na wale wanaowapelekea ndugu Pemba: kikapu cha ukili kilichofungwa laasiri, kikalala kwenye meli ya usiku, kikafika Mkoani asubuhi na Wete mchana, kimekaa kwenye joto karibu siku nzima. Vigandishe mpaka viwe vigumu, pakia kwenye deli (sanduku la kutunza baridi) lenye barafu, jaza nafasi zote, funga kwa utepe. Vikifika bado vigumu katikati, salama. Vikifika laini na vuguvugu, vitupwe, hata kama bei inauma.

"Moshi ukiwa mzito ndiyo ladha inaingia"

Moshi mweupe mzito unatoka kwenye kuni zisizopata hewa ya kutosha. Umebeba lami inayoganda juu ya ngozi, na kipapatio kinatoka cheusi, kichungu, kinachokwaruza koo. Watu wanakula, wanakunja uso, wanasema "hii ndiyo ladha ya moshi yenyewe". Siyo. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa kibuluubuluu, ambao usipoinama huuoni.

Ili uupate, acha matundu ya hewa wazi. Kosa la kila mtu ni kufunga tundu la chini na la juu "ili moshi usipotee". Nusu pipa lenye mfuniko: makaa kilo 2 upande mmoja, yawake mpaka yafunikwe na jivu jeupe, vipapatio upande wa pili, visiwe juu ya makaa. Tundu la juu wazi kabisa na liwe upande wa nyama, la chini nusu. Kuni ni vipande vitatu vya ukubwa wa ngumi, kimoja kila baada ya dakika 20, saa ya kwanza tu. Nyama hupokea moshi vizuri ikiwa bado baridi na ina unyevu juu. Baada ya hapo unaongeza uchungu bure.

Kuni za kutumia: mpera kwanza, kisha mchungwa au mlimau, zilizokauka miezi kadhaa. Kuni mbichi zinatoa mvuke na lami. Makumbi ya nazi yanafukuza mbu, na yaachwe na kazi hiyo. Mkorosho usiutie, mnyaa usiuguse kabisa kwa utomvu wake, wala mbao za msonobari, plaiwudi na chochote kilichopakwa rangi au dawa ya mchwa. Mikoko iache baharini.

Kuloweka kuni usiku kucha hakusaidii kitu. Maji hayaingii ndani ya kuni; yanalowesha juu tu, kisha unapoteza dakika kumi za moto kuyakausha.

"Moto mdogo kabisa, siku nzima"

Huu ni ushauri wa nyama ya kifua cha ng'ombe, watu wameubebesha kipapatio. Ukikaa na nyuzi 80 ndani ya pipa, nyama inakawia kwenye lile joto la hatari na ngozi inakuwa mpira wa ndala. Halafu lawama anabebeshwa bata, ati alikuwa mzee. Kipapatio kinataka nyuzi 135 hivi, kipimo kichukuliwe kwenye wavu na siyo kwenye mfuniko, na kinamaliza kwa muda wa saa mbili hadi mbili na nusu. Ngozi ikiwa bado laini, dakika 10 za mwisho kisogeze juu ya makaa.

Siri nyingine ya ngozi ni ukavu. Kikaushe kwa karatasi, kipake chumvi, kilale kwenye friji bila kufunikwa usiku mmoja. Usijaribu kukianika uani. Unyevu wa kisiwani wakati wa Masika haukaushi hata kanga. Chumvi ni gramu 15 kwa kilo. Ila soma pakiti kwanza: vingi vinavyoagizwa kutoka nje vimedungwa maji ya chumvi kiwandani, na hapo gramu 5 zinatosha. Nusu ya malalamiko ya "vimekuwa chumvi tupu" yanatoka hapa.

"Nyama nyekundu karibu na mfupa ni mbichi"

Siyo lazima. Moshi wenyewe una gesi zinazoshikana na rangi ya nyama zikaiacha ya waridi hata ikiiva, na bata wachanga wanatoa wekundu kutoka kwenye mifupa. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho cha kuogopa: ngozi ya hudhurungi inayong'aa haithibitishi chochote, kwa sababu moshi huipaka rangi kabla ndani hakujaiva. Nunua kipimajoto cha nyama. Kichomeke kwenye sehemu nene ya kipande cha kwanza bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 ni salama. Mimi naipeleka mpaka 82 au 85 ili mishipa ilainike, maana nyama ya kipapatio cha bata mzinga ina ukaidi. Kukihakiki kipimajoto ni rahisi: kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0, kwenye maji yanayochemka 100. Sisi tuko usawa wa bahari, hakuna hesabu nyingine.

Na haya yasichukue muda mrefu

Kuosha kwa ndimu na siki kunaondoa harufu na utelezi, hakuui vijidudu. Ukiosha chini ya bomba unavirusha kwenye sinki, vikombe na kachumbari. Ukishindwa kuacha mazoea, tumia bakuli, halafu sugua sinki kwa sabuni na maji moto.

Papai bichi ni la mishkaki. Kwenye kipapatio likilala usiku kucha, juu kunakuwa uji na ndani kunabaki kulekule. Dakika 30 basi, au usitie.

Mafuta ya taa "yanaungua yote" si kweli. Harufu inabaki ndani ya makaa na inaingia kwenye ngozi. Washa kwa karatasi na vijiti vikavu.

Wavu wa bati au waya uliopakwa zinki usipikie. Zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke wenye madhara. Tumia chuma kitupu au kisichoshika kutu. Pipa lililokuwa na mafuta au rangi lichomwe kwa moto mkali kwanza, likiwa tupu, mpaka rangi yote ing'oke.

Kuyeyusha kipapatio kilichoganda mezani tangu asubuhi: nje kunaoza wakati katikati bado jiwe. Friji, rafu ya chini, juu ya sinia, siku nzima.

Ncha za vipapatio usizitupe. Zipige moshi pamoja na vingine, zigandishe, kisha zichemshe kwenye kisamvu kabla hujatia tui. Chumvi ya kisamvu itiwe mwisho.

Wapemba wanauliza kuhusu makonyo ya karafuu, yaani vijiti vyake, yale yanayokamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Yanafaa, na mimi nayapenda kuliko viungo vingi vya paketi. Kijiko kimoja cha chakula cha makonyo makavu kwa kilo 3 za nyama, yatupwe juu ya makaa ndani ya nusu saa ya kwanza, mara moja tu. Ndani yake mna yuginoli, ileile ambayo madaktari wa meno wanaitumia kutuliza maumivu, na ukitia kiganja kizima ulimi utakufa ganzi na nyama itakuwa chungu. Karafuu zenyewe usichome; ghali, na moshi wake unazidi nguvu.