Dhoruba ya barafu na mtoto aliye tumboni

Januari 1998, mvua ya barafu ilinyesha siku kadhaa mfululizo kusini mwa Quebec, Kanada. Nguzo za umeme zilielemewa zikaanguka, na watu wapatao milioni 3 wakabaki gizani kwenye baridi kali, wengine kwa zaidi ya wiki tano. Mwanasaikolojia Suzanne King na wenzake wa Montreal wakawatafuta waliokuwa wajawazito wakati ule, kisha wakawafuatilia watoto wao kwa miaka mingi.

Kila ninapoulizwa kama msongo wa mawazo wa mama humfikia mtoto, naanzia hapa. Mama mwenye wasiwasi wa kudumu humrithisha mtoto jeni zake pia, kwa hiyo mtoto akiwa na hofu ni vigumu kujua kama chanzo ni mimba au ni ukoo. Barafu haikuchagua nani wa kumkatia umeme.

Walipima mambo mawili mbalimbali. Taabu yenyewe, yaani siku bila umeme, kuhama nyumba, hasara na hatari, ilipewa alama hadi 32. Machungu aliyoyahisi mama yalikuwa na dodoso lake. Watoto ambao mama zao walipata taabu nyingi walikuwa nyuma kidogo katika lugha na akili wakiwa na miaka 2, na tena wakiwa na mitano na nusu. Walipofika miaka 13, alama za methili, yaani vibandiko vya kemikali vinavyoathiri jinsi jeni zinavyofanya kazi, kwenye DNA ya seli zao za kinga zilikwenda sambamba na taabu, si na machungu. Ndiyo maana simwamini mtu anayemwambia mjamzito "usiwaze" huku hana chakula wala pa kulala. Ila familia zilikuwa chache, chini ya 200, na wengi wa watoto hao hawakuwa na tatizo la kuhitaji matibabu.

Njia mojawapo ya msongo kumfikia mtoto inajulikana. Kotisoli, homoni ya msongo, hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za mama. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu yake kubwa kuwa kotisoni isiyo na nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Kimeng'enya hicho kikidhoofika, ubongo unaojengwa hupokea kotisoli kupita kiasi, hasa hipokampasi na amigdala, sehemu za kumbukumbu na hofu, zenye vipokezi vingi vya homoni hiyo. Urukususu (licorice), mzizi mtamu, hukizuia kimeng'enya hicho vilevile: nchini Ufini, ambako peremende zake huliwa sana, watoto wa mama waliokula kwa wingi wakati wa mimba walipata takriban pointi 7 pungufu kwenye vipimo vya akili wakiwa na miaka 12 hivi. Mjamzito na auache.

Kliniki, swali "una stress?" hujibiwa "hapana", tena haraka zaidi mama mkwe akiwa kando. Mwone mama peke yake. Tumia dodoso la Edinburgh la kutambua sonona (depression): maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Wengi huchukua 13 kuwa kikomo cha kumpeleka kwa mtaalamu, wengine 10. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri hushughulikiwa siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa 4. Na aliyekuwa akitumia dawa za sonona asiziache ghafla baada ya kugundua ana mimba: ugonjwa unaweza kurudi, na dozi hupunguzwa na daktari tu.